Ndoo ya bati na sikio la panya: historia ya kupima majani ya miti ya njugu

Leo hakuna mstari hata mmoja wa programu. Kuna miti, ndoo moja, na hitilafu iliyokaa miaka 86 bila chanzo chake kujulikana, kwa hivyo nadhani wengi wenu mtajisikia nyumbani.

Yote haya yametokana na jedwali. Mkulima akipeleka majani ya makadamia au ya mparachichi kwenye maabara, hurudishiwa karatasi yenye orodha: nitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu, salfa, kisha zile zinazohitajika kwa kiasi kidogo mno, yaani chuma, manganizi, zinki, shaba na boroni. Mbele ya kila jina kuna tarakimu, na mbele ya tarakimu kuna neno: chini, sawa au juu. Ukiwa mtu wa hifadhidata, kinachokukera kwanza si tarakimu zenyewe. Ni safu. Nani aliamua ziwe hizi na si nyingine? Na nani aliamua kwamba "sawa" inaanzia hapa? Mimi nilipofuatilia swali hilo sikuishia Murang'a wala Embu. Niliishia kusini mwa Marekani, kwenye mti unaoitwa pekani.

Kwa wale wasioujua, pekani ni mti mkubwa wa Amerika Kaskazini, wa ukoo mmoja na wolnati. Kiasili humea kando ya mito kuanzia Illinois hadi Meksiko. Njugu yake ina ganda jembamba la kahawia na ndani imekunjamana kama ubongo mdogo. Kwa muda mrefu watu waliokota tu zile za mwituni, kwa maana mbegu ya pekani haizai mti unaofanana na mama yake. Aliyebadilisha mambo ni mtumwa mmoja wa Louisiana aliyejulikana kwa jina moja tu, Antoine. Kati ya mwaka 1846 na 1847 alifaulu kupandikiza matawi ya mti mmoja bora juu ya mashina mengine. Aina hiyo baadaye ilipewa jina Centennial, baada ya kuonyeshwa katika maonyesho makubwa ya Philadelphia mwaka 1876. Hapo ndipo pekani iligeuka kuwa zao la mashamba yenye mistari iliyonyooka, na mwanzoni mwa karne ya 20 watu walikuwa wakiipanda kwa fujo Georgia na kwingineko kusini.

Miti ikapandwa, na ugonjwa ukaja. Majani yalikuwa madogo, ya njano, yamesongamana kwenye ncha ya tawi kama petali za ua, kwa hivyo wakauita roseti. Halafu matawi ya juu yalianza kukauka kutoka nchani kushuka chini. Ukingoja miaka minane au kumi mti uzae, kisha ukaona juu unakauka, hiyo si hasara ya msimu mmoja. Ni pensheni imekufa.

Wataalamu wa Idara ya Kilimo ya Marekani waliufuatilia kwa miaka mingi. Orton na Rand walichapisha ripoti ndefu mwaka 1914. Hawakupata mdudu wala kuvu wa kulaumu, wakaelekeza kidole kwenye udongo na lishe. Lakini lishe gani? Walijaribu mbolea za kila namna, na majibu yalikuwa ya kubahatisha.

Sasa sikilizeni kilichotokea mwanzoni mwa miaka ya 1930. Watafiti watatu, Alben, Cole na Lewis, walidhani kinachokosekana ni chuma, kwa sababu jani lililokosa chuma nalo huwa la njano. Wakachanganya chumvi za chuma na maji, wakayatibu majani. Miti mingine ilipona vizuri kabisa, mingine haikubadilika hata kidogo. Dawa ni ile ile, ugonjwa ni ule ule. Mwenye kazi kama yangu anajua hali hii: programu inakimbia sawa kwenye tarakilishi yako na inakufa kwenye ya mwenzako.

Tofauti ilikuwa chombo. Dawa iliyoponya ilikuwa imechanganywa kwenye ndoo ya bati. Ule mng'ao wa fedha unaouona kwenye karai jipya au kwenye mabati ya paa kabla hayajashika kutu ni zinki iliyopakwa juu ya chuma. Maji yenye chumvi ya chuma yana uchachu, nayo yakala zinki ya ndoo. Kumbe walikuwa wakinyunyizia zinki bila kujua. Walipojaribu zinki peke yake, mti ukapona. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1932.

Miaka hiyo hiyo kule California, Chandler, Hoagland na Hibbard walikuwa wakipambana na ugonjwa wa aina hiyo kwenye miti ya matunda. Wao walimwaga salfeti ya chuma ya dukani kwenye udongo kwa wingi. Baadhi ya miti ikapona. Walipotumia ile iliyo safi, haikupona. Uchafu uliokuwa ndani ya ile ya dukani ulikuwa na zinki. Walifika hadi kupigilia vipande vya zinki na misumari iliyopakwa zinki kwenye mashina ya miti, na majani yakarudi kuwa ya kawaida. Makundi mawili, sehemu mbili za nchi, wote wanatafuta chuma na wote wanaikuta zinki. Tena kumbukeni kwamba uthibitisho mzuri kuwa mimea haiwezi kuishi bila zinki ulikuwa mchanga sana: Sommer na Lipman waliutoa mwaka 1926. Mtafiti wa mwaka 1914 asingeweza kuiweka zinki kwenye orodha yake ya washukiwa, kwa kuwa haikuwepo kwenye orodha ya mtu yeyote.

Nimekaa hapa kwa sababu hapa ndipo swali la jani linapoanza kuwa na maana. Ungedhani tiba ikishajulikana kazi imekwisha: pima zinki kwenye udongo, ikipungua ongeza. Haiwi hivyo. Udongo wa Texas magharibi au Arizona una chokaa nyingi, na zinki iliyomo imeshikwa kiasi kwamba mizizi haiipati. Ukimwaga nyingine juu, nayo inashikwa vile vile. Halafu mti si mahindi. Mizizi yake imezama chini na kusambaa mbali kuliko kikopo chako cha sampuli, na mti wenyewe una akiba ya miaka ndani ya shina. Udongo unakuambia kilichopo ghalani. Jani linakuambia kilichofika mezani.

Wazo lenyewe lilikuwa limeshaanza Ufaransa. Katika miaka ya 1920, Lagatu na Maume wa Montpellier walikuwa wakichuma majani ya mizabibu kutoka sehemu ile ile ya tawi, kwa tarehe zilizopangwa, na kuyapima. Kabla yao fikira za watu zilitawaliwa na Liebig wa Ujerumani, aliyeeneza tangu mwaka 1840 kanuni ya Sprengel kwamba mmea hukua kwa kadiri ya kile kirutubisho kilichopungua kuliko vyote. Lagatu na Maume walifanya jambo la kihandisi zaidi: badala ya kubahatisha kilichopungua, uulize mmea. Huko Sweden, Lundegårdh aliunda njia ya kupima madini kwa kuangalia rangi ya mwali wa moto, na mwaka 1945 akatoa kitabu kizima juu ya uchunguzi wa majani. Marekani, Macy alipendekeza mwaka 1936 kwamba kila kirutubisho kina asilimia yake muhimu ndani ya mmea; chini ya hapo mmea una njaa, juu ya hapo unakula anasa. Ile "chini, sawa, juu" ya kwenye karatasi imezaliwa hapo.

Lakini mkono unaochuma jani unaweza kuharibu kila kitu. Jani changa lina nitrojeni nyingi, nayo hupungua kadiri jani linavyozeeka, wakati kalsiamu hupanda. Ukichuma mwezi wa tano na jirani yako akachuma wa nane, msilinganishe karatasi zenu, maana mmepima vitu viwili. Kwa sababu hiyo Georgia waliweka dirisha la mwezi mmoja, kuanzia tarehe 7 Julai hadi 7 Agosti, wakati viwango vimetulia kidogo. Jani la pekani limegawanyika katika vijani vingi viwiliviwili. Unachukua jozi ya katikati, kutoka jani la katikati, kwenye chipukizi la mwaka huo huo, hadi vijani 100 hivi kutoka miti mbalimbali ya aina moja. Kisha maabara huyakausha, kuyasaga na kuyapima. (Na msiyabebe kwenye ndoo ya bati, tafadhali. Hata mpira una zinki. Na shamba lililonyunyiziwa zinki karibuni litatoa tarakimu nzuri sana ambayo haina maana, kwa sababu unapima dawa iliyokauka juu ya jani.)

Mashine nazo zilikuwa na sauti kubwa katika kuamua safu. Nitrojeni ilipimika tangu mwaka 1883, Kjeldahl alipotoa njia yake katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg huko Copenhagen. Zinki, shaba na manganizi zilikuwa kazi ya kuumiza kichwa mpaka Alan Walsh wa Australia alipotoa, mwaka 1955, njia ya kupima kwa mwanga unaomezwa na atomu. Baada ya hapo maabara ya kawaida ikaweza kupima sampuli nyingi kwa siku. Tusijidanganye kwamba orodha ilipangwa na mahitaji ya mti peke yake. Ilipangwa pia na kile kilichokuwa rahisi kupima, kama vile sisi tunavyoandika majaribio ya sehemu zilizo rahisi kujaribiwa na kuziacha zile ngumu ziombewe.

Kuhusu viwango vyenyewe, kila mti una vyake, na hapa ninamtazama mkulima wa kwetu. Makadamia iliingia Kenya mwaka 1946, karibu na Thika, na leo nchi hii ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani. Sehemu kubwa inatoka kwa wakulima wadogo wenye miti michache kati ya kahawa. Asili ya mti huu ni mashariki mwa Australia, kwenye udongo maskini wa fosforasi. Umeota vishada vya mizizi midogo vyenye uhodari wa kukamua fosforasi mahali ambapo mimea mingine ingekufa njaa. Jani lake lenye fosforasi ya asilimia 0.08 hadi 0.10 halina shida. Kwenye jani la lozi tarakimu hiyo hiyo ingekuwa ukingoni mwa njaa. Mtu akisoma karatasi ya makadamia kwa jedwali la mti mwingine, ataambiwa aongeze fosforasi kwa mti ambao ikizidi unaugua, unashindwa hata kupata chuma. Tarakimu ni sahihi, mashine ni nzuri, ushauri ni sumu.

Na hata kwa mti mmoja, kizingiti si amri ya mlimani. Georgia wametumia sehemu 50 za zinki kwa milioni kama kiwango cha chini cha jani la pekani. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kazi ya jani ya kutengeneza chakula kwa mwanga ilikuwa imeshafika kileleni zinki ikiwa kati ya 14 na 22. Si lazima mmoja awe mwongo. Mmoja anaweka nafasi ya usalama juu ya mti mzima, mwingine anapima kazi moja ya jani.

Turudi Georgia, maana hadithi ya ndoo haijaisha. Zinki ilifanya kazi. Ilikuwa rahisi kupatikana, na kwenye udongo wa Georgia wenye uchachu, tofauti na ule wa Texas, ungeweza kuimwaga chini na mti ukaipata. Basi ikamwagwa, mwaka baada ya mwaka, kwa miongo mingi. Zinki haiozi wala haipeperuki. Inakaa pale ilipowekwa. Miti mizee ikang'olewa, mipya ikapandwa kwenye mashimo yale yale.

Kulikuwa na ugonjwa mwingine wa pekani uliotajwa tangu mwaka 1918. Ncha za vijani zinakuwa butu na mviringo badala ya kuchongoka, wakauita sikio la panya. Ncha hizo wakati mwingine zinakuwa na weusi kama zimeunguzwa. Ukizidi, mti unadumaa na kuwa kama kichaka, na mwisho unaweza kufa. Watu walisema ni baridi. Wengine wakasema ni virusi. Mwaka 1956 Gammon na Sharpe walichapisha kwamba ni upungufu wa manganizi. Wengine baadaye wakaishuku shaba. Kilichosumbua ni kwamba ugonjwa ulipendelea miti michanga iliyopandwa mahali palipokuwa na shamba la pekani hapo awali, yaani kwa wakulima waliokuwa wameitunza ardhi yao kwa kufuata ushauri. Mkulima angeweza kuchuma majani yake kwa tarehe sahihi, jozi sahihi, na karatasi ikarudi na "sawa" kila mstari, huku mti unakufa mbele ya macho yake.

Jibu lilikuja mwaka 2004. Bruce Wood na wenzake katika kituo cha utafiti cha Idara ya Kilimo huko Byron, Georgia, walinyunyizia miti hiyo nikeli. Majani mapya yakatoka ya kawaida. Ndiyo, nikeli, ile ya sarafu.

Kwa nini nikeli? Hapa naomba dakika mbili za kemia. Mwaka 1926, James Sumner wa Chuo Kikuu cha Cornell alikuwa mtu wa kwanza kupata fuwele za kimeng'enya. Kimeng'enya chenyewe kinaitwa yurease, kazi yake ni kuvunja urea, na alikitoa kwenye aina ya maharagwe makubwa. (Sumner alikuwa na mkono mmoja tu, ule mwingine aliupoteza kwenye ajali ya uwindaji akiwa kijana. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1946.) Kila mwanafunzi wa biokemia alisoma habari za fuwele hizo, na hakuna aliyejua kwamba ndani yake kuna nikeli mpaka mwaka 1975, wanasayansi wa Queensland walipoiona. Miaka 49 imo mkononi na haionekani. Mwaka 1983 watafiti walionyesha kwamba mimea ya jamii ya kunde inaihitaji nikeli, na mwaka 1987 Brown, Welch na Cary wakaonyesha hivyo kwa shayiri. Ndipo nikeli ikaingia kwenye orodha ya virutubisho vya lazima.

Pekani ina uhitaji mkubwa kuliko mimea mingi. Majira ya kuchipua mti husafirisha nitrojeni kutoka mizizini ikiwa katika michanganyiko ya jamaa ya urea, na ili itumike lazima ivunjwe. Bila nikeli yurease haifanyi kazi, njia ya nitrojeni inavurugika, taka zinajikusanya kwenye ncha ya jani, na ncha inaungua. Hilo ndilo sikio la panya.

Na kwa nini udongo wa zamani? Kwa sababu zinki na nikeli zinafanana machoni pa mzizi na zinagombania mlango mmoja. Ukijaza zinki udongoni kwa miongo, nikeli kidogo iliyopo inabaki nje kwenye foleni. Shaba nayo huchangia, na minyoo inayoharibu mizizi huzidisha. Nikeli haikuwa imekwisha ardhini, kwa hivyo hata kipimo cha udongo kingeweza kukupoteza. Jani lilikuwa likisema ukweli muda wote. Hakuna aliyelipima kwa nikeli.

Nimesikia watu wakiisimulia hadithi ya ndoo kama kichekesho cha bahati njema, na ya nikeli kama ushindi wa sayansi ya kisasa, hadithi mbili mbali mbali. Mimi naona ni moja. Kiraka kilichowekwa mwaka 1932 kilikuwa sahihi. Kilirudiwa bila kipimo cha juu kwa sababu karatasi ilijali zaidi "chini" kuliko "juu". Zinki ikizidi kwenye jani ilionekana kuwa akiba, si deni. Halafu deni likadaiwa kwenye safu ambayo haikuwepo. Simlaumu yeyote wa mwaka 1932. Lakini kuanzia mwaka 1987, nikeli ilipokubaliwa kuwa ya lazima, hadi 2004 ni miaka 17, na hiyo naiona mirefu. Wanaofahamu vimeng'enya na wanaofahamu mashamba walikuwa wakisoma majarida tofauti.

Siku hizi karatasi za majani ya pekani huko Georgia zina mstari wa nikeli, na mkulima aliye kwenye ardhi ya zamani hunyunyizia nikeli kidogo mno mapema majira ya kuchipua, wakati majani yangali yanakunjuka. Kiasi kinachotakiwa ndani ya jani kinahesabiwa kwa sehemu chache tu kwa milioni, wakati zinki inahesabiwa kwa makumi.

Mwaka mmoja baada ya Byron, mtafiti John Ruter, naye wa Georgia, aliigeukia miti ya bechi, ile inayokuzwa kwenye vyungu vya vitalu kwa ajili ya kupamba bustani. Nayo ilikuwa na majani madogo yenye ncha butu, na wenye vitalu walikuwa wameshazoea kuishi na tatizo hilo. Alijaribu nikeli. Majani yakachongoka.